Nyamera wa Posa

Jumanne, 5 Agosti 1997
Nimejiponza mwenyewe! Jana nilikuwa mtaa wa Rusimbi, kwa kina Elida. Baba yake, Mzee Leonardi, akaanza kumsifu Oswald, yule muuguzi kutoka Bukoba, eti anapiga kinanda kanisani. Nikajikuta nimesema kwetu Upareni mimi ni mwindaji. (Niliwahi kufukuza ngedere kwenye mahindi.) Mzee akafurahi mno. Akasema barua yangu ya posa itasomwa Jumamosi, niilete pamoja na nyama ya nyamera, yule swala mkubwa wa mbugani. Ya Oswald itasomwa siku hiyo hiyo. Nampenda Elida, jamani! Lakini karani wa ardhi na bunduki wapi na wapi?

Jumatano, 6 Agosti
Nimempata Selestini, askari wa wanyamapori mstaafu. Ana bunduki, leseni ya nyamera dume mmoja, na risasi tatu. Akaniuliza kama nimewahi kushika bunduki. Nikamjibu swali hilo linanivunjia heshima.
Akauliza nani atachinja. Sikuwa nimewaza! Nusu ya wageni wa Mzee Leonardi ni Waislamu, mnyama aliyekufa kwa risasi hawamgusi. Basi tunakwenda na Mzee Feruzi, mchinjaji wa mtaa wa Kasingirima, miaka sabini na moja. Atatuchelewesha tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Treni ilijaa wakimbizi na mizigo yao hadi milangoni. Tumeshuka Nguruka, tukatembea hadi mbugani. Nyasi mpaka macho yanachoka! Na juu ya kichuguu, nyamera dume. Mungu fundi! Mapaja yamekoza weusi, miguu ya njano kama amevaa soksi.
Selestini akatikisa kifuko cha majivu kuona upepo unakoelekea. Akatuzungusha, hakumwendea moja kwa moja hata hatua moja. Nusu saa tunatambaa. Huyu mtu ni bingwa. Akanipa bunduki. Nikafumba macho yote mawili. Puu!
Hapo Mzee Feruzi akachomoka. Mnyama lazima amfikie kabla hajakata roho, basi akisikia mlio hangoji kuuliza. Kanzu kaikunja kiunoni, kisu mkononi, anapaza sauti, "Bismillahi!" Loo, zile mbio! Akafika kwenye kichuguu. Nyamera yuko wima, mzima wa afya. Wakatazamana. Kisha nyamera akashuka, akaenda zake. Mzee akarudi akihema, akasema mnyama hana tatizo, mwenye tatizo ni mimi.

Ijumaa, 8 Agosti
Risasi ya pili nimepiga kichuguu. Mzee akakimbia tena, akarudi. Selestini akaninyang'anya bunduki. Risasi moja, dume chini, na Mzee Feruzi akamfikia angali anapumua. Sijapata kuona watu wanaoijua kazi yao namna hii. Nusura nilie.
Nikawaomba wanitunzie siri. Selestini akasema ego, yaani ndiyo, kwake hakuna neno. Mzee Feruzi alikuwa ananawa mikono, nikachukulia amekubali. Lori lililotoka kupeleka unga kambini kwa wakimbizi limetupakia hadi mjini.

Jumamosi, 9 Agosti
Nyama ilinukia mtaa mzima. Nikasimulia nilivyolenga. Mashangazi wakapiga vigelegele. Elida akanitazama mpaka nikasahau nilipofika. Ndipo Mzee Leonardi akamgeukia Mzee Feruzi, amthibitishie.
Mzee yule uongo haujui hata wa kuazima. Akaeleza mbio zake zote tatu. Akainuka kuonyesha alivyotazamana na nyamera, akamsifu Selestini mpaka jasho likamtoka. Watu wakacheka hadi machozi. Hata mimi nilicheka, anasimulia vizuri mno! Elida hakucheka. Akasema mume asiyejua kulenga atamvumilia, mwongo hapana.
Barua ya Oswald imesomwa. Yangu imewekwa juu ya kabati bila kufunguliwa. Nimepewa wiki moja ya kujirekebisha.

Jumapili, 10 Agosti
Nimekwenda kuomba radhi. Nimekiri kila kitu: sijawahi kuwinda hata sungura. Mzee Leonardi akanishika bega, akasema sasa anamwona mwanamume. Elida akaniletea chai na tabasamu. Moyo ukanijaa! Mzee akaniuliza kwa upole, basi kwetu hasa tunafanya kazi gani. Nikamwambia sisi ni wavuvi, na mimi napiga mbizi kuliko wote.
Jumamosi ijayo wote watakuja ziwani, Kibirizi, kunitazama. Kesho natafuta mtu wa kunifundisha kuogelea.