Saruji Isiyokauka

Jumatatu, 3 Juni
Saa kumi na mbili asubuhi. Nimeteleza! Hatua arobaini na mbili bila kugusa chini, juu ya ubao wa magurudumu alioutupa mpwa wangu akidai sasa ni mtu mzima. Mimi nina miaka arobaini na tisa na sina haraka hiyo. Kiwanja cha saruji mbele ya duka la samani ni laini, kina mteremko kidogo. Upepo usoni, mgongo hauumi, hakuna anayeniuliza kitu. Mtaa mzima hauna kiwanja kingine kama kile.

Kisha akaja Mama Mchakamchaka, jirani yetu, muuguzi mstaafu. Hukizunguka kiwanja mara kumi kila asubuhi, akihesabu kwa sauti. Nikamwomba apite pembeni. Akasema alinichoma sindano nikiwa mdogo, nikalia kuliko watoto wote, kwa hiyo nisimfundishe pa kupita. Mbele ya mlinzi wa duka! Mlinzi akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Jumanne, 4 Juni
Leo nimefunga breki kwa makalio. Kosa la Mama Mchakamchaka! Alikata kona ghafla. Akanikagua kiwiko, akasema sijavunjika, akaendelea na mzunguko wa saba. Mke wangu anasema ubao ule ungefaa kuni. Humu ndani sina mtetezi.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi ni mchora mabango. Watu hutii ninachoandika.

Jumatano, 5 Juni
HATARI! SARUJI MBICHI. USIKANYAGE. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, kazi safi. Mama Mchakamchaka alisoma, akaguna, akarudi kwao. Mlinzi akahamia mlango wa nyuma. Kiwanja chote changu! Nimeteleza mara kumi na tisa. Niliimba. Nimeliacha bango palepale, kesho nisipate taabu ya kulibeba.

Alhamisi, 6 Juni
Raha tupu mpaka saa moja. Njiani Mama Mchakamchaka akaniuliza saruji gani haikauki siku mbili. Nikamwambia ni aina mpya. Akaniuliza tena mbona viatu vyangu havina hata tone. Udaku huu! Mtu mzima hana kazi ila kukagua viatu vya wenzake.

Ijumaa, 7 Juni
Simu! Mwenye duka la samani, anafoka. Siku mbili hajaingia mteja hata mmoja, wote wanasoma bango na kugeuza. Nimesalitiwa! Nikaapa sitamsalimia tena Mama Mchakamchaka hadi kiama. Nikamwuliza mwenye duka ni nani aliyenichongea.

Akasema hakuna. Namba yangu ya simu iko chini ya bango, upande wa kulia, pamoja na maneno "Kwa kazi bora, piga". Miaka ishirini na mbili naiandika pale. Mkono ulijiandikia wenyewe! Tena akalalamika namba ni ndogo mno, ilibidi atafute miwani.

Adhabu: kesho nichore ukutani kwake, bure, NI MARUFUKU KUTELEZA KWA UBAO HAPA. Mimi! Kwa brashi yangu!

Jumamosi, 8 Juni
Nimechora. Roho iliniuma kila herufi. Mama Mchakamchaka alisimama katikati ya kiwanja, mikono kiunoni, akasema herufi K imeinama. Nikamwambia ashughulike na sindano zake. Alipoondoka nikatazama. Imeinama. Nimeirekebisha kwa hasira.

Jumapili, 9 Juni
Nimepita nyuma ya zahanati. Wamejenga njia mpya ya viti vya magurudumu vya wagonjwa. Laini! Mteremko wa haja, mrefu mara mbili ya ule wa duka! Na zahanati haifunguliwi mpaka saa mbili.

Mchana nimekamilisha bango: TAHADHARI! SAKAFU IMEPIGWA DAWA KALI. Mke wangu alichungulia, akaniuliza kama kweli yaliyonipata hayajanifunza chochote. Nimeudhika sana. Ananiona mjinga? Nimejifunza vizuri tu. Safari hii namba ya simu nimeiandika kubwa, inasomeka hata bila miwani.