Jumatano Isiyo na Mvua

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kitangari kwamba siku ya Jumatano mvua haitanyesha. Kamati ya Uratibu wa Hali ya Hewa na Itifaki imeketi, imejadili na kupitisha kwa kauli moja.

Aliyesaini tangazo ni katibu, Sijaona, mtu aliyevipigia kelele vivuli vya wakubwa kwa miaka thelathini. Alikumbuka kila mkutano: mwaka gani, nani alikaa chini ya turubai na soda yake, nani alibanikwa juani. Wakubwa walipomchoka wakampa ukatibu na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Hasira ya miaka thelathini ikapoa kwa siku nne. Mwenyewe alishangaa ilivyokuwa rahisi.

Jumatano hiyo lilimwagwa zege la sakafu ya tangi la kuvunia maji, mgeni rasmi na kamati wakitazama chini ya turubai. Kina mama walikuwa wamepandisha ndoo kutoka bondeni tangu alfajiri, maji ya kukorogea. Sakafu ikiharibika, tangi litavuja, nao watarudi bondeni mwaka mwingine mzima.

Ilikuwa Septemba, mikorosho iko kwenye maua. Saa tano likatokea wingu upande wa Masasi.

"Shikamoo, Baba Khalfan," fundi mwashi, Mama Julia, alimwambia Sijaona, mwiko mkononi. "Naomba turubai. Zege bado bichi."

"Marahaba. Turubai lina mgeni rasmi."

"Namwona. Na mvua je?"

"Mvua haimo kwenye ratiba."

Tone likapeperushwa hadi chini ya turubai, likampiga puani. Sijaona akalifuta, akaliorodhesha moyoni kama umande.

Mvua ikashuka kwa fujo, ikaanza kulitoboa zege vijishimo. Mwenyekiti, Bwana Vitalis, akatoa mwongozo wa kitaalamu: "Nyunyizieni saruji kavu juu, inyonye maji!"

"Ili kesho uso ubanduke kama ukurutu?" Mama Julia akamgeukia Sijaona. "Baba Khalfan, si wewe uliyekuwa unatupigia kelele za vivuli? Au yule alikuwa pacha wako?"

Kina mama wakaangua kicheko. Sijaona akatafuta jibu kwenye kabrasha, akakuta ajenda. Alijitazama: kiti chenye kitambaa, soda baridi, kaikumbatia kama yatima. Sijaona wa zamani angekuwepo, huyu wa leo angezomewa hadi atafute njia ya kukimbilia Chiungutwa. Kwa kuwa yule hayupo, akajizomea mwenyewe kimyakimya, akainuka, akafungua kamba ya kwanza.

Kamba zilizobaki zilifunguliwa na kina mama bila kikao.

Turubai likatandazwa juu ya mbao za kingo. Upepo ukalinyanyua. Mawe? Kitangari ni mchanga mtupu, na kokoto zote zilizoletwa na lori zilikuwa zimeshaingia kwenye zege. Mama Julia akawapima kwa macho waheshimiwa waliolowa, matumbo yametangulia.

"Nyie, njooni mkalie pembe."

"Sisi?" Bwana Vitalis akauliza.

"Kwani mna kazi gani nyingine?"

Kamati ikaketi matopeni kwa kufuata vyeo, mgeni rasmi pembe ya kwanza. Sijaona, kwa wembamba wake, aliongezewa ndoo ya maji mapajani.

Baada ya dakika arobaini, mvua bado ikichapa, mgeni rasmi akanyoosha mkono.

"Fundi, naomba ruhusa ya kujikuna."

"Subiri upepo utulie," alijibu Mama Julia, wala hakugeuka.