Vidonge kwa Saini ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza dawa ya saratani ya utumbo. Si ya kutundikiwa dripu. Ni vidonge. Vinne asubuhi, vinne jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula. Wiki mbili dawa, wiki moja kupumzika. Nilimwambia muuguzi wa kliniki atulize moyo, mimi nimekuwa fundi saa kwa miaka thelathini na moja, muda ndiyo kazi yangu. Muuguzi akamgeukia mke wangu. Mke wangu akampigia simu dada yake mkubwa.

Shemeji kafika saa kumi na mabegi mawili, maana yake kaja kukaa. Ni mtunza stoo mstaafu wa kiwanda cha misumari. Kwake yeye hakuna kitu kinachotoka mahali bila daftari. Kakalia kiti changu. Jioni alihesabu vidonge vinne, akaandika tarehe, saa na idadi, kisha akanisogezea kalamu. Nimetia saini kupokea dawa yangu mwenyewe, nyumbani kwangu mwenyewe!

Lazima aondoke kabla ya Jumamosi ya tarehe 15. Siku hiyo nina fainali ya drafti na kinyozi jirani yetu, na shemeji ameshatangaza kwamba mgonjwa wa dawa hizi hakai kwenye msongamano. Njia ni moja tu: nimwonyeshe kwamba najiweza.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nina kisanduku cha skrubu chenye vyumba kumi na vinne. Siku za dawa ni kumi na nne. Kama si kudra, ni nini?

Walipokuwa jikoni nilimwaga skrubu, nikatoa vidonge kwenye paketi na kuvipanga kwa kibano, siku baada ya siku. Kazi safi sana. Tatizo, vidonge vilikuwa vikubwa na mfuniko haukufunga. Nikachukua wembe.

Mke wangu akaingia. Hakunigombeza, alimwita dada yake, jambo baya zaidi. Shemeji alivaa glavu kwanza ndipo akanikaribia, akampigia mfamasia wa hospitali na kuweka simu sauti ya juu ili niaibike kikamilifu. Mfamasia alisema dawa hii haikatwi, haisagwi, haitafunwi. Inakaa kwenye paketi yake. Mtu mwingine asiishike kwa mkono mtupu, na mimi ninawe kila nikiishika. Vile nilivyovitoa virudishwe kwake vyote, atanipa vingine. Kisanduku, wembe na kibano changu bora vimefungwa kwenye mfuko mmoja navyo, kama washtakiwa.

Kumbe nameza kitu ambacho wenzangu hawaruhusiwi hata kukigusa. Nimekaa nalo hilo jioni nzima. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa pili: kuaminiwa. Nilibembeleza siku tatu niachiwe dozi moja tu niisimamie. Leo wakakubali. Walikwenda sokoni alfajiri, wakaniachia uji kwenye chupa na vidonge vinne ndani ya paketi yake. Saa moja kamili, alisisitiza shemeji. Nikamwuliza kama anajua anaongea na nani.

Nikakaa kwenye meza ya kazi, macho kwenye saa ya ukutani ya mteja niliyoitengeneza jana. Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Muda upo. Nikafungua saa ya mkononi yenye kutu, nikazama. Nikatazama ukutani. Bado. Nikaendelea.

Waliporudi, shemeji aliuliza mbona vidonge bado viko mezani. Nikamjibu bila papara kwamba saa moja haijafika. Akaniuliza kama naona jua liko wapi. Ilikuwa saa saba mchana. Saa ya mteja ilisimama tangu alfajiri, na mimi nilisimama nayo.

Nikapendekeza jioni nimeze vinane, hesabu ikae sawa. Mtunza stoo gani asingependa hesabu iliyo sawa? Akampigia muuguzi. Muuguzi akasema dozi iliyopita imepita, nimeze ya jioni kama kawaida, nisithubutu kuongeza ya kufidia kwa sababu inaweza kuniumiza vibaya. Shemeji kaandika HAIKUMEZWA kwa wino mwekundu, kwa herufi ambazo hata mimi nisiye na miwani nazisoma kutoka mlangoni.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya fainali. Nimeamka natetemeka. Nikajipima kimyakimya: thelathini na nane nukta nne.

Karatasi ya kliniki imebandikwa ukutani. Inasema joto likifika thelathini na nane, piga simu papo hapo, mchana au usiku, usisubiri. Haisemi lolote kuhusu fainali.

Mpango wa tatu niliubuni kwa nusu dakika, na ninasikia fahari kidogo hata sasa. Shemeji hunipima kila asubuhi. Alipokwenda kuchukua daftari nilitumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji baridi, kisha nikakirudisha kwapani. Alisoma. Akasoma tena. Thelathini na tatu. Akasema kwa kipimo hicho ningekuwa nimeshaandikiwa cheti cha kifo. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Akabonyeza namba ya kliniki kabla ya kuandika chochote daftarini, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo si mzaha.

Naandika haya kwenye teksi. Mke wangu amenishika mkono kwa nguvu. Kinyozi atapewa ushindi wa mezani!

Jumanne, 18 Machi

Wodini. Dawa inaua saratani lakini imepunguza na chembe za damu zinazolinda mwili, na maambukizi yamepata mlango. Vidonge vimesimamishwa, natundikiwa dripu mchana na usiku. Daktari kasema ningengoja mpaka jioni ile, huenda tusingekuwa tunaongea. Muuguzi akaongeza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia methali hiyo ni ya kabla ya vipimajoto. Hakucheka.

Mke wangu alilia. Si kilio cha kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema anaweza kuishi na saratani ndani ya nyumba, ila hawezi kuishi na uongo juu ya saratani. Nikaona haya hadi nikageukia ukutani. Nampenda mwanamke huyu na nilitaka kumfanya mjane kwa ajili ya kete kumi na mbili.

Jioni kinyozi alisimama mlangoni amevaa barakoa. Kaukataa ushindi. Kasema fainali itangoja mpaka nipone, hata mwakani. Sikutegemea ustaarabu huo kwake, na nimezidi kumchukia.

Nimeapa mbele ya mke wangu na shemeji: homa yoyote, hata ya nukta moja, nitaisema.

Alhamisi, 3 Aprili

Vidonge vimerudi tangu Jumatatu, safari hii vitatu vitatu. Natia saini bila kunung'unika. Daktari kasema naendelea vizuri, na nikibaki hivi nicheze fainali Jumamosi, nje, kwenye hewa.

Leo nimeamka na vidonda mdomoni. Viwili ulimini, kimoja ndani ya shavu. Hata maji yanachoma. Karatasi ya ukutani nayo ina mstari kuhusu vidonda vya mdomo, lakini mimi niliapa juu ya homa, na homa sina. Muungwana ni yule anayeshika kiapo jinsi kilivyo.

Mpango ni rahisi kupita yote: sisemi neno. Uji uliopoa, kichwa kuitikia, tabasamu la mdomo uliofungwa. Shemeji amenisifu kwa utulivu wangu, mara ya kwanza tangu aingie nyumba hii.

Mke wangu hakunisifu. Amenitazama, akatazama saa yake, akasema katika miaka thelathini na mbili ya ndoa hajaniona nikimaliza nusu saa bila kutoa maoni. Sasa hivi yuko kwenye simu na muuguzi, na shemeji anakuja na tochi.

Kosa nimeliona. Mara nyingine nitaanza kuongea tangu alfajiri.