Mshiriki wa Tisa na Birika Langu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kiwanda katangaza: kati ya mabirika mawili, litatengenezwa moja tu. Langu au la Kidevu, jirani yangu wa meza. Atakayeshindwa anahamia idara ya maboksi. Maboksi! Miaka kumi na moja nachora vyombo vya jikoni! Watu tisa watalazwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, waonyeshwe mabirika, ijulikane lipi linawafurahisha. Kiti hakikaliki.

Jumanne, 4 Machi
Bahati! Shemeji, kaka wa mke wangu, ni mmoja wa wale tisa. Kaniachia nafasi yake upesi, anaogopa mashine. Wafanyakazi wa kiwanda hawaruhusiwi, lakini hospitalini nani ananijua? Mke wangu kaniambia, "Baba watoto, njia ya mwongo ni fupi." Hajui mambo ya ofisini.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi. Nikitazama picha ya birika la Kidevu, nafikiria jino bovu. Nikitazama langu, siku ya harusi. Mke wangu kauliza nakenua nini.

Alhamisi, 6 Machi
Mimi ndiye wa tisa, wa mwisho. Nimevua pete, saa, mkanda. Nikaingizwa kichwa kwanza. Mashine inagonga kama fundi bati. Mtaalamu kanionya mara tatu nisitikisike. Pua ikawasha! Nikavumilia. Jino, harusi, jino, harusi. Kidevu kwisha habari yake.

Jumatatu, 10 Machi
Majibu. Mkuu katusomea barua ya mtaalamu kwamba watu wanane waligawana nusu kwa nusu, na wa tisa ndiye aliyekata shauri. Nikaweka kola sawa. Kumbe birika langu lilipotokea, ubongo wa huyo wa tisa ulijaa wasiwasi. La Kidevu lilipotokea, raha tupu.

Mkuu akasema, "Huyo mtu katuokoa."

Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga. Roho imeniuma sana.

Jumatano, 12 Machi
Idara ya maboksi. Harufu ya gundi. Nimewaza kutwa nzima na mkosaji nimempata: ubongo. Siku moja ya mazoezi haikuutosha. Nimeandika barua kuomba kipimo kirudiwe, na shemeji keshaniahidi nafasi yake tena. Nimeazima birika la Kidevu, nimeliweka mezani. Kila nikilitazama najifinya mkono, ubongo ujifunze kulichukia. Nimeshajifinya mara arobaini. Mkono umevimba, na birika bado ni zuri.