Gerishom Kambi Autafuta Umakini

Pwani nzima hakuna aliyeua watu wengi kuliko Gerishom Kambi wa Tezo, na hajalala rumande hata siku moja! Ameua kwa panga, kwa mchi, kwa shoka, na kuna mzee mmoja alimwua kwa mkeka. Wote walifia vitabuni, maana Gerishom alikuwa mtunzi wa riwaya za kutisha.

Na alizitoa kama karanga! Wenzake wakiwa bado wanakuna vichwa kutafuta jina la kitabu, yeye keshazika ukoo mzima. *Maiti Anataka Chai. Bibi Harusi Hana Miguu. Mkono Ndani ya Sufuria.* Kuanzia Kilifi hadi Magarini, saluni gani haikuwa na kitabu chake, jalada limechanika kwa kupokezanwa?

Lakini roho haikutulia. Alitaka aitwe msanii makini.

Basi alipoalikwa kwenye mjadala wa waandishi mjini Malindi, nusura apasuke. Mada: mtunzi wa riwaya za kutisha ni msanii makini, au siye? Bi Mahfudha, malenga wa mji wa kale ambaye hata salamu zake zina vina, angesema upande mmoja. Harith, mwalimu wa fasihi, angesema upande wa pili. Wasikilizaji wangepiga kura, na msemaji bora apewe kikombe. Gerishom, kwa kuwa ndiye mgeni, angefungua.

Hakuuliza nani yuko upande gani. Ya nini?

"Yule bibi atanichinja," alimwambia mkewe, Easter. "Lakini nitamwahi!"

"Utamwahi na nini?"

"Na riwaya makini!"

Akajifungia, akaandika *Upweke wa Kigoda*: kitabu kinene kama tofali, cha mtu aliyekaa kwenye kigoda akitazama ukuta. Katika sura ya nne, anakohoa.

Easter alisoma mpaka hapo penye kukohoa. "Kikohozi ndicho kitakachomwua?"

"Humu hafi mtu! Haya ni maisha!"

"Mh," akasema Easter, akaenda zake kukuna nazi.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa, Easter naye akiwemo. Gerishom alivaa koti, akajifunga skafu ya sufu shingoni. Skafu! Na joto lile la Malindi! Akasimama mbele za watu jasho likimchuruzika kama mtungi uliotoboka.

"Mabibi na mabwana! Vile vitabu vyangu vya nyuma ni takataka! Majini, maiti, mikono ya sufuriani, upuuzi mtupu! Anayeandika vile si msanii, ni mpiga kelele!"

Bi Mahfudha akaikunja taratibu karatasi aliyokuwa ameishika. Gerishom akadhani kamkata maini, akapanda zaidi. Akatoa hoja: riwaya zile huandikwa mbiombio, lugha yake ya sokoni, na wasomaji wake hawataki kufikiri. Akazipanga vizuri, wallahi, hukuona pa kupenya! Kisha akafungua *Upweke wa Kigoda*, akasoma. Mstari wa mbele mtu akaanza kukoroma.

Mwanamke mmoja akainua mkono. Aliitwa Kadii, alitoka Magarini, na hakuna kitabu cha Gerishom ambacho hakuwa nacho.

"Samahani, kaka. Hicho kigoda ndicho jini?"

"Hakuna jini!"

"Kitabu kizima?"

"Kizima!"

"Mamangu alipata kiharusi," akasema Kadii, "akapoteza kusema. Kila alasiri nikawa namsomea *Mkono Ndani ya Sufuria*. Siku ule mkono ulipochungulia, mama akapiga kelele: 'Funikeni!' Ndilo neno lake la kwanza. Tulicheka, tukalia. Sasa nikirudi nimwambieje? Kwamba ile nayo ni takataka?"

Hata yule wa kukoroma aliamka. Skafu ikamkaba Gerishom. Alitamani kusema la, ile siyo, lakini maneno keshayamwaga.

"Ni... ni mambo ya zamani," akanong'ona, akakaa.

Bi Mahfudha akasimama. "Mimi," akasema, "nilikuja kumtetea."

Gerishom akageuka kama aliyeguswa bega na maiti.

"Kile kitabu cha sufuria nimekisoma mara mbili. Nikasema, mtu anayeweza kunitoa mbio jikoni kwangu, mchana kweupe, na wakwe wamekaa sebuleni, huyo ni msanii wa haki. Nilikuja niwaambie hivyo. Lakini mwenyewe amekana, tena kwa hoja! Mimi ni nani nibishane na mwenye mali?" Akakaa.

Ikawa zamu ya Mwalimu Harith, aliyekuja kupinga.

"Jamani, nilikesha nikitayarisha hoja," akasema. "Huyu bwana kazimaliza zote. Sina la kuongeza!"

Wakapiga kura. Waliosema kuwa ni msanii makini walikuwa wawili tu: Kadii na Easter. Gerishom naye akaanza kuinua mkono, polepole, kwa kuibia. Mwenyekiti akamwona.

"Ala! Bwana Kambi, wewe si wa upande ule mwingine?"

Mkono ukashuka.

Upande wa kupinga ukatangazwa mshindi, na kikombe cha msemaji bora, kwa kauli moja, akapewa Gerishom Kambi. Akapigwa picha, meno nje, macho yamemlegea.

Easter akaja kumpa mkono.

"Hongera, Baba Kabibi! Huyo Gerishom umemgaragaza, hata hana pa kushika!"