Makoti Thelathini na Kiti Kinachozunguka

Jumatatu, tarehe 4
Bosi ametangaza! Kabla ya wiki kwisha, mmoja wetu hapa kwenye karakana ya sare atakuwa msimamizi wa mapokezi. Meza yake. Kiti kinachozunguka! Sharti: ajue kuwasiliana na wateja. Mpinzani wangu ni Mama Pini, mkataji, ambaye kutwa ana pini mdomoni. Atawasiliana na nani? Mke wangu kanionya kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nimemjibu mimi sikimbii, mimi naenda kukaa.

Jumanne, tarehe 5
Nimesoma kijitabu cha bosi kuhusu mwenendo kazini. Msikilize mteja. Mtazame machoni. Usimkatize. Mbona rahisi! Nimejizoeza mbele ya kioo, dakika kumi bila kupepesa. Machozi yakanichuruzika. Mke wangu akauliza nani amefariki.

Jumatano, tarehe 6
Bahati imejileta yenyewe. Muuguzi mkuu wa zahanati kaja kuagiza makoti thelathini. Nikamkazia macho. Nikaitikia kwa kichwa kila alipovuta pumzi. Sikuandika chochote, maana kuandika ni kutazama chini. Alisema sijui nini kuhusu mikono. Akiondoka akamwambia bosi hajawahi kusikilizwa hivi!

Mama Pini akatoa pini zake, akauliza mikono mirefu au mifupi. Wivu huo. Nikamwambia mirefu, na asinifundishe kazi.

Alhamisi, tarehe 7
Mama Pini hana raha. Anataka tumpigie mteja simu kuhakikisha. Kupiga simu ni kukiri kwamba sikusikia! Nikamwambia nimeshapiga. Akanitazama kidogo, akashika mkasi. Mikono yote imekatwa mirefu. Mafundi wanashona kwa fujo.

Ijumaa, tarehe 8
Balaa! Muuguzi mkuu kaja kuona koti la kwanza. Alitaka mikono mifupi, kwa sababu mirefu hulowa wakinawa. Anasema alilisema hilo mara tatu. Na mara zote tatu niliitikia kwa kichwa.

Bosi akanigeukia. Uongo nilikuwa nao tayari, tena mtamu: Mama Pini kakosea kukata. Lakini Mama Pini alikuwa amesimama palepale, anajua kila kitu, na hakunisemea. Aibu ikanipanda hadi masikioni. Nikajikuta nasema kosa ni langu, sikusikia, na simu sikupiga. Nikaomba radhi kwao wote.

Muuguzi mkuu akacheka! Akasema miaka yote kazini hajapata mtu wa kumkiria kosa hivyo. Mama Pini akasema afadhali kosa ni mirefu. Kuifupisha ni kazi ya asubuhi moja. Mteja akaongeza suruali ishirini. Bosi akampa Mama Pini usimamizi, naye akakataa, eti hawezi kuuacha mkasi wake. Basi nimepewa mimi, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Niandike kila oda na kumsomea mteja. Nimefurahi hadi nimemkumbatia Mama Pini. Nimechomwa na pini.

Jumamosi, tarehe 9
Kiti kinazunguka kweli. Nimezunguka na kutafakari somo la wiki hii. Kumbe siri ya mawasiliano si kusikiliza. Ni kuomba radhi! Radhi moja, suruali ishirini. Tatizo ni kwamba huwezi kuomba radhi bila kukosea kwanza. Jumatatu anakuja mwalimu mkuu na oda ya shule nzima. Kosa nimeshachagua, dogo tu, la heshima: kila atakaposema kaptula, nitaandika sketi.