Kama Hapo Juu, na Saini Yangu Chini Yake

Leo nimeaibika, tena kwa maandishi. Naeleza mwenyewe humu kundini kabla Mama Nyabise hajawaletea maelezo yake, kwa sababu yule hupenda kuongeza nakshi.

Mnajua kwamba tangu nistaafu sijaitwa tena kwa cheo. (Mke wangu huniita "Baba Rhoda". Si sawa.) Basi niliposikia kwamba leo baada ya misa jumuiya yetu ya Mwisenge inachagua katibu wa kamati ya sherehe, nilijiandaa. Suti niliipiga pasi kwa mkono wangu!

Asubuhi Mwalimu Neema, mwenyekiti wetu, akatutumia dodoso la mtandaoni kuhusu karamu ya Jumapili iliyopita. Majibu yangesomwa kikaoni. Nikalifungua kwenye simu. Jamani! Lilikuwa jedwali. Kushuka chini: chakula, muziki, viti, hotuba. Kwenda kulia: kilichokufurahisha, kilichokukera, ushauri wako. Na kila penye makutano, kisanduku kitupu, ujieleze kwa maneno yako! Nani ana maoni ya aina tatu kuhusu kiti cha plastiki?

Lakini mtumishi wa umma haachi nafasi wazi. Katika kisanduku cha kwanza niliandika: "Shughuli nzima ilifana. Sina malalamiko wala ushauri." Vilivyobaki vyote nikavijaza kama tulivyozoea ofisini: "Kama hapo juu." Maelekezo yalisema jina si lazima. (Si lazima! Enzi zetu barua isiyo na saini ilikwenda kapuni.) Chini ya kila jibu nikaweka: Magesa Wambura, Afisa Tarafa Mstaafu. Nikatuma, nikaenda kusali kwa amani.

Kikaoni Mwalimu Neema akawasha projekta. Ndipo nilipogundua kwamba kompyuta ilikuwa imelivunja jedwali. Ilichukua kila kisanduku peke yake, ikapanga majibu ya watu wote, moja chini ya jingine.

Chakula, kilichokukera. Mtu asiye na jina kaandika: "Sato walitiwa chumvi mpaka nikamaliza ndoo ya maji." Chini yake, ukuta mzima: "Kama hapo juu. Magesa Wambura, Afisa Tarafa Mstaafu."

Mama Nyabise, mpishi mkuu, akageuka polepole.

"Shemeji! Wale sato nimewachagua mwenyewe kwa wavuvi wa Mwigobero. Na wewe si uliomba kichwa cha pili?"

"Shemeji, hapo juu ya pale si hapo juu yangu," nikajitetea. (Hata mimi sikujielewa.)

"Endelea, Mwalimu!" akapaza sauti Mzee Manyama, mgombea mwenzangu. "Leo tunajifunza!"

Muziki: "Wanaume wa besi wanaunguruma kama injini ya boti mbovu." Kama hapo juu. Magesa Wambura. Mimi ndiye kiongozi wa besi kwayani!

Kisha ikaja hotuba. Hotuba ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yangu. "Yule mzee asipewe tena kipaza sauti. Ugali ulipoa, watoto wakalala." Nikafumba macho. Mwalimu Neema akasoma huku akisongwa na kicheko: "Kama hapo juu. Magesa Wambura, Afisa Tarafa Mstaafu!"

Ukumbi ulilipuka! Manyama alitoa leso akafuta machozi. Nikauona ukatibu ukitoka mlangoni bila kuaga.

Ndipo Mama Nyabise akasimama.

"Kura yangu nampa huyu. Nyie wengine mmenisema mkajificha. Huyu kanisema, kajisema na yeye mwenyewe, halafu akasaini! Mtu kama huyu hanaga siri."

"Mimi najitoa," akasema Manyama. "Siwezi kushindana na mtu anayejishtaki kiofisi."

Nikacheka mpaka tai ikalegea. Nimepita bila kupingwa, kwa sharti moja: kuandika niandike mimi, kuhutubia ahutubie Manyama. Nimelikubali, ingawa nimeomba liingie kwenye muhtasari kwamba nimelikubali kwa masikitiko.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kucheka ninawaruhusu. Ila aanzaye kunicheka, aanze kwa kusema "Mheshimiwa Katibu".